Tofauti za Nyati wa Kufugwa na Uchaguzi wa Dume la Chama

(Maelezo yaliyotolewa kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Kila chama cha wafugaji kifikapo hatua ya kununua dume la mbegu, au kuagiza mbegu za uhimilishaji kwa ajili ya wanachama, swali la kwanza linaloulizwa mkutanoni huwa ni lile lile: ni aina gani itoayo maziwa mengi zaidi? Swali hilo ni la haki, maana mwanachama hukamua ili apate chakula na fedha. Lakini ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: mnyama huyo ataishi wapi, atakula nini, na ni nani atakayebeba gharama zake mwaka ambao mvua zitakosekana? Chama kinachojibu nusu moja tu chaweza kuwatia wanachama hasara isiyoonekana mwaka wa kwanza wala wa pili, bali miaka mitano au sita baadaye, wakati dume hilo limekwisha kuacha mabinti katika kila zizi.

Mfano ulio wazi wa jambo hili unapatikana Bara Hindi, katika ufugaji wa nyati wa maziwa. Huko ushirika wa maziwa umejengwa juu ya mgongo wa nyati, na huko ndiko inakoonekana vizuri jinsi tofauti za urithi kati ya mnyama na mnyama zilivyo mali ya wafugaji wote kwa pamoja, na jinsi mali hiyo inavyoweza kuongezwa au kupotezwa.

Nyati anayezungumzwa

Msomaji wa Afrika Mashariki asikiapo jina la nyati humkumbuka mbogo wa porini, mnyama mkali ambaye binadamu hajapata kumfuga, na ambaye hubeba vimelea vinavyowaua ng'ombe kwa maradhi ya jamii ya ndigana. Huyo siye anayehusika hapa. Nyati wa kufugwa, aitwaye pia nyati wa maji, ni mnyama mwingine kabisa. Asili yake ni Asia, wala hazai na nyati wa Afrika. Duniani wapo zaidi ya milioni 200, na karibu wote wako Asia. Hesabu ya mifugo iliyofanywa nchini India mwaka 2019 ilionyesha nyati wapatao milioni 110, na karibu nusu ya maziwa yote ya nchi hiyo hutoka kwao. Maziwa ya nyati ni mazito: mafuta yake kwa kawaida ni asilimia 7 au 8, yaani karibu mara mbili ya maziwa ya ng'ombe.

Nyati hao wa kufugwa wamegawanyika katika mafungu mawili makubwa. Fungu la kwanza ni nyati wa mto, ambao hufugwa kuanzia India na Pakistan hadi Misri na Italia, hasa kwa maziwa. Fungu la pili ni nyati wa kinamasi wa China, Thailand, Ufilipino na nchi jirani, ambao kazi yao ya tangu kale ni kulima mashamba ya mpunga. Wataalamu wanaona kwamba mafungu hayo yalifugwa mbali mbali, kila moja mahali pake. Nyati wa mto alianza kufugwa yapata miaka 6,000 iliyopita upande wa kaskazini-magharibi ya Bara Hindi.

Tofauti yao haiko katika sura peke yake. Ndani ya kila chembe ya mwili wa mnyama kuna nyuzi nyembamba ziitwazo kromosomu, ambazo hubeba urithi. Nyati wa mto ana kromosomu 50, na nyati wa kinamasi ana 48, kwa sababu katika ukoo wa kinamasi jozi mbili za kromosomu ziliungana zikawa jozi moja. Wakipandishwa wao kwa wao, ndama huzaliwa akiwa na kromosomu 49. Ndama huyo huishi na hukua, lakini uwezo wa baadhi ya machotara hao wa kuzaa hupungua. Kwa hiyo hata wanyama wanaoitwa kwa jina moja hawachanganywi ovyo bila ya mtu kujua nasaba zao.

Tofauti za urithi na jinsi zinavyofanya kazi

Katika zizi la nyati 20 wa kijiji kimoja hakuna wawili walio sawa sawa. Mmoja hukamwa zaidi, wa pili hustahimili kupe, wa tatu hushika mimba mapema, wa nne hubaki na mwili wake hata katika kiangazi kirefu. Sehemu moja ya tofauti hizo husababishwa na chakula, maji na matunzo. Sehemu nyingine husababishwa na jeni, yaani vipande vya urithi ambavyo ndama hupokea nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Kwa upande wa wingi wa maziwa, yakadiriwa kwamba kiasi cha robo tu ya tofauti zinazoonekana kati ya wanyama ndiyo itokanayo na urithi wanaoweza kuupitisha kwa watoto wao. Zilizobaki hutokana na mazingira na sababu nyingine. Ndiyo maana mtu anaponunua nyati mwenye maziwa mengi katika zizi la tajiri huweza kurudi nyumbani na sifa za chakula cha yule tajiri, ambazo hazimfuati mnyama njiani.

Tofauti za urithi huzaliwa kutokana na mabadiliko madogo ya jeni yanayotokea kizazi hata kizazi. Mengi hayana faida wala madhara. Machache humfaa mnyama mahali fulani na humdhuru mahali pengine. Ukame, joto, maradhi na uchaguzi wa mfugaji mwenyewe ndivyo vinavyoamua ni nani atakayeacha ndama wengi na ni nani atakayetoweka. Ieleweke basi kwamba mnyama mmoja mmoja haubadili urithi wake kwa kuzoea. Kinachobadilika ni ukoo mzima, polepole, kwa vizazi vingi. Na kizazi cha nyati ni kirefu. Mimba ya nyati wa mto huchukua siku zipatazo 310, ilhali ya ng'ombe ni kama siku 280, na nyati jike wa kijijini aghalabu huzaa mara ya kwanza akiwa na umri wa karibu miaka minne.

Kutokana na hayo, tofauti za urithi zafaa kufananishwa na mfuko wa akiba wa chama. Katika miaka ya neema mfuko huo huonekana kama fedha zilizolala bure, na wapo wanaotaka ugawanywe. Yakija maradhi mapya au ukame usiotazamiwa, mfuko huo ndio unaookoa chama. Lakini kuna jambo moja ambalo mfano huu hauwezi kulieleza. Akiba ya fedha iliyotumika yaweza kurudishwa kwa makato ya msimu ujao. Ukoo wa mnyama uliokwisha hauwezi kununuliwa popote.

Kila mahali na nyati wake

Nyati wote wa maji wana udhaifu mmoja, nao ni joto la jua. Ngozi yao ni nyeusi, manyoya ni haba, na vitundu vya jasho ni vichache sana kuliko vya ng'ombe. Kwa hiyo hupoza mwili kwa kuoga na kugaagaa matopeni, na tope likikauka mwilini huwakinga dhidi ya nzi na kupe. Kwa upande mwingine wana nguvu ya kutumia majani makavu na mabua ya mpunga. Hata hivyo, juu ya msingi huo mmoja, kila nchi imejenga nyati wake.

Katika nyanda za Haryana, zenye mifereji ya maji na malisho ya kupandwa, ndiko aliko Murrah, nyati mweusi mwenye pembe zilizojikunja kama konokono. Huyu ni mashuhuri kwa wingi wa maziwa. Katika jimbo la Gujarat, kati ya mito ya Mahi na Sabarmati, yupo Surti, nyati wa umbo la wastani mwenye pembe za mundu, anayemfaa mkulima mdogo. Kaskazini ya hapo yupo Mehsana, aliyetokana na mchanganyiko wa damu ya Surti na ya Murrah. Katika rasi ya Saurashtra, karibu na msitu wa Gir wenye simba, yupo Jafarabadi, mzito kuliko nyati wengine wa India.

Katika wilaya ya Kutch yako mapana ya majani yaitwayo Banni, ambako ardhi ina chumvi na mchana ni mkali. Wafugaji wa huko, Wamaldhari, huwaachia nyati wao waende malishoni usiku, nao hurudi wenyewe asubuhi kukamuliwa. Kwa miaka mingi nyati huyo wa Banni hakuhesabiwa kuwa aina kamili. Wafugaji wenyewe, kwa umoja wao, walidai atambuliwe, na mwaka 2010 akaandikishwa rasmi. Upande wa mashariki, katika jimbo la Odisha, kuna ziwa la Chilika ambalo maji yake ni mchanganyiko wa maji ya mto na ya bahari. Nyati wa Chilika huingia ziwani kula majani yaotayo ndani ya maji hayo ya chumvichumvi, jambo ambalo nyati wa nyanda za mifereji hangeliweza kwa urahisi. Maziwa yake si mengi, lakini chakula chake hakinunuliwi.

Katika makorongo ya mito ya Yamuna na Chambal, pande za Agra na Etawah, yupo Bhadawari, nyati mwenye rangi ya shaba. Hukamwa kidogo kuliko Murrah, lakini mafuta ya maziwa yake ni wastani wa asilimia 8, na baadhi yao hufikia 12 au 13. Hutembea kwenye makorongo na hula majani hafifu. Na kusini kabisa, katika milima ya Nilgiri yenye baridi, yupo nyati wa kabila la Watoda, mwenye pembe ndefu zilizotanuka na nywele nyingi zaidi. Kwa Watoda nyati huyo ni sehemu ya ibada. Idadi yake imebaki kuwa ndogo sana.

Mtu anayeitazama orodha hiyo kwa jicho la lita tu atasema kwamba Murrah ametosha na wengine waondoke. Anayeitazama kwa jicho la mwanachama mdogo ataona kwamba kila mmoja wao ni jibu la swali lililoulizwa na mahali fulani kwa karne nyingi.

Ushirika na bei ya mafuta

Chama cha Ushirika cha Wazalishaji Maziwa cha Wilaya ya Kaira, kilichojulikana baadaye kwa jina la Amul, kiliandikishwa mjini Anand mwezi Desemba mwaka 1946. Kilianza na vyama viwili tu vya vijiji. Mwenyekiti wake alikuwa Tribhuvandas Patel, na mwaka 1949 alifika huko mhandisi Verghese Kurien aliyekuja kuwa meneja. Wakati huo viwanda vya Ulaya vilitengeneza maziwa ya unga kutokana na maziwa ya ng'ombe, na wataalamu wengi waliamini kwamba maziwa ya nyati hayafai kwa kazi hiyo. Mtaalamu wa maziwa H. M. Dalaya aliona vingine, na katika kiwanda kilichofunguliwa Anand mwaka 1955 maziwa ya nyati yakageuzwa kuwa unga. Hapo ndipo ziada ya msimu wa baridi, ambayo zamani iliuzwa kwa bei ya kutupa, ilipopata thamani. Mwaka 1970 India ilianza mpango wa kueneza mfano huo wa Anand nchini kote, na mpango huo uliendelea hadi mwaka 1996.

Jambo la kutazamwa hapa ni namna ya malipo. Kijijini maziwa hupokelewa asubuhi na jioni, hupimwa ujazo, na hupimwa mafuta yake. Mwanachama hulipwa kwa mafuta, si kwa lita peke yake. Bei ya namna hiyo ilikuwa na maana kubwa kwa urithi wa nyati, kwa sababu ilimpa mwenye nyati wa maziwa machache mazito haki yake.

Hesabu ndogo yaweza kulieleza jambo hili. Chukua wanachama wawili. Wa kwanza ana chotara wa Murrah anayetoa kilo 8 za maziwa kwa siku zenye mafuta asilimia 7: mafuta hayo ni gramu 560. Wa pili ana nyati wa kienyeji anayetoa kilo 5 zenye mafuta asilimia 9: mafuta hayo ni gramu 450. Kwa lita, wa kwanza amempita mwenzake kwa kilo 3 nzima. Kwa mafuta, amempita kwa gramu 110 tu. Sasa, ikiwa mnyama wa kwanza hawezi kutoa kilo zake 8 bila ya kununuliwa mashudu na pumba kila siku, na gharama hiyo ikazidi bei ya gramu 110 za mafuta, basi mwenye maziwa machache ndiye aliyepata faida zaidi. Kinyume chake, ikiwa mwanachama wa kwanza ana shamba la majani na maji ya mfereji, chotara wake ni baraka kwake. Mnyama ni yule yule. Kilichobadilika ni mahali na mfuko wa mwenye mnyama.

Faida na hatari ya dume moja

Si haki kumlaumu Murrah. Kwa kupandisha nyati wa kijijini kwa dume la Murrah, wafugaji wengi wa India wamepata maziwa ambayo baba zao hawakuyapata. Njia yenyewe ni nyepesi: ndama wa kwanza huwa na nusu ya damu ya Murrah, binti huyo akipandishwa tena kwa Murrah huzaa mwenye robo tatu, na kizazi cha tatu huwa na sehemu saba kwa nane. Hivi leo zaidi ya asilimia 40 ya nyati wote wa India huhesabiwa kuwa Murrah au machotara wake.

Lakini katika wepesi huo kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba kwa vizazi vitatu tu, kiasi cha miaka kumi na mitano, kijiji huweza kufuta urithi uliojengwa kwa karne nyingi, bila ya mtu yeyote kuamua kwa kura kwamba ufutwe. Kila mwanachama amefanya jambo dogo la busara katika zizi lake. Jumla ya mambo hayo madogo ni uamuzi mkubwa ambao haukupata kujadiliwa na mkutano wo wote.

Hatari ya pili ni ya undugu wa damu. Kwa njia ya uhimilishaji, dume mmoja huweza kutoa mbegu za kutosha maelfu ya majike. Dume huyo akiwa bora, faida huenea upesi. Akiwa na kasoro iliyofichika, kasoro nayo huenea upesi vile vile. Na pale ambapo dume wa kijiji huachwa miaka mingi, hufikia kuwapanda mabinti zake mwenyewe. Ndama wa baba na binti hutazamiwa kuwa, katika robo ya jeni zake, na nakala mbili zilizo sawa kutoka kwa babu mmoja, na hapo ndipo kasoro zilizokuwa zimefichika hujitokeza: ndama dhaifu, utasa, maziwa kupungua. Mfugaji huona msiba huo akadhani ni uchawi au ni mkosi, kumbe ni hesabu.

Daftari la katibu

Dawa ya hatari hizo haiko kwa daktari wa mifugo peke yake. Iko katika daftari la chama. Mfugaji mwenye nyati wawili au watatu hawezi kujua kama dume fulani ni bora, maana hana wa kumlinganisha naye. Mabinti wawili wakikamwa vizuri, huenda ni bahati. Wakikamwa vibaya, huenda ni malisho. Lakini chama chenye wanachama mia kadhaa kina mabinti makumi kwa makumi wa dume mmoja, katika mazizi ya watu mbali mbali, matajiri na maskini. Hapo tofauti za malisho husawazishana, na urithi wa dume huanza kuonekana.

Hivyo ndivyo ilivyofanyika Mehsana. Chama kikuu cha maziwa cha wilaya hiyo, kilichoanzishwa mwaka 1960, kilianza katika miaka ya 1980 kupima madume wa Mehsana kwa maziwa ya mabinti zao waliokuwa mazizini mwa wanachama wa kawaida. Baadaye, katika mpango wa taifa wa maziwa ulioanza miaka ya 2010, upimaji wa namna hiyo uliendeshwa kwa Murrah na Mehsana, na wakati huo huo mipango ya kuchagua madume kwa nasaba ikawekwa kwa ajili ya Jafarabadi, Banni, Pandharpuri na Nili-Ravi, ili kila aina iboreshwe ndani ya damu yake yenyewe.

Kazi yenyewe ni ya subira kuliko ya maarifa makubwa. Mbegu za madume vijana kadhaa hugawanywa vijijini kwa zamu. Kila upandishaji huandikwa: tarehe, jike, dume. Ndama akizaliwa hutiwa namba ya sikio. Binti akizaa kwa mara ya kwanza, maziwa yake hupimwa siku moja kila mwezi, asubuhi na jioni, kwa muda wa miezi kumi hivi. Kisha hulinganishwa na mabinti wa madume wengine waliozaa kijiji hicho hicho na msimu huo huo, kwa sababu si haki kumlinganisha aliyezaa wakati wa majani na aliyezaa wakati wa vumbi. Tangu kupandisha hadi kupata jibu hupita kati ya miaka mitano na sita. Katibu asiyeandika leo ameharibu jibu la mwaka wa sita, na hakuna fedha zitakazolirudisha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mifugo msemo huo ni kweli mara mbili, maana nyati mwenyewe huweza kuonekana zizini akiwa mzima huku habari ya ukoo wake imekwisha kupotea.

Yafaa pia daftari lisiwe la maziwa tu. Chama kikiandika lita peke yake, kitachagua lita peke yake, na sifa nyingine zitapungua bila ya kuonekana. Kwa hiyo umri wa kuzaa mara ya kwanza, nafasi kati ya uzazi na uzazi, maradhi, na sababu ya mnyama kuuzwa au kufa ni mambo yanayostahili safu zao katika ukurasa. Nyati jike hujulikana kwa kutoonyesha joto waziwazi, hasa wakati wa jua kali, na wengi huonyesha dalili usiku tu. Jike anayeshika mimba kila mwaka kwa maziwa ya wastani huweza kumfaidi mwanachama kuliko yule anayekamwa sana kisha akakaa miaka miwili bila ndama.

Elimu mpya na kazi ile ile

Katika miaka ya karibuni wataalamu wameanza kuusoma urithi wa nyati moja kwa moja. Mwaka 2019 wataalamu waliokuwa pamoja na Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, walitoa ramani kamilifu ya jeni za nyati wa mto. Mwaka 2020 uchunguzi mwingine ulisoma urithi wa nyati 79 wa aina saba, ukaulinganisha na ng'ombe 294 wa aina 13 za duniani. Ilionekana kwamba katika sehemu kadhaa za urithi wao, nyati na ng'ombe wamepitia uchaguzi uliogusa jeni zile zile, ingawa wafugaji waliowachagua waliishi mbali mbali. Kwa elimu hiyo yawezekana kumkadiria dume angali ndama, kwa tone la damu au unyoya.

Lakini ramani haiwezi kusema ni jeni ipi iendayo na maziwa mengi, ama na ustahimilivu, mpaka kwanza awepo mtu aliyeyapima maziwa hayo na kuuandika ustahimilivu huo katika mazizi halisi. Maabara husoma urithi, na daftari la kijiji ndilo linaloupa maana.

Mafunzo kwa vyama vya hapa

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya Wahindi na nyati wao. Hata hivyo damu ya mifugo ya Bara Hindi imo katika mazizi ya Afrika Mashariki tangu siku nyingi. Ng'ombe wa aina ya Mpwapwa, aliyetengenezwa katika Tanzania ya Kati, ana damu ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka huko, pamoja na zebu wa kienyeji na wengine. Kenya nayo imekuwa ikitunza kundi la Sahiwal huko Naivasha. Kanuni iliyo kwa nyati ni ile ile kwa ng'ombe na hata kwa mbuzi: zebu mdogo anayedharauliwa kwa lita zake ndiye aliyebeba ustahimilivu wa kupe na kiangazi, na akimalizwa kwa kupandishwa ovyo hakuna dukani atakakonunuliwa.

Kwa hiyo, kabla ya mkutano mkuu kuidhinisha fedha za dume au za mbegu, yafaa kamati iwe na majibu ya maswali haya. Je, wanachama wangapi wana majani na maji ya kumtosha chotara mwaka mzima, na wangapi hawana? Je, chama kinaweza kutoa mbegu za aina mbili, ili mwenye uwezo apate ya maziwa mengi na asiye na uwezo apate dume bora wa kienyeji aliyechaguliwa kwa daftari? Je, dume lililopo limekaa kijijini miaka mingapi, na mabinti zake wamefikia umri wa kupandwa? Je, ni vyama gani vya jirani vinavyoweza kubadilishana madume na chama hiki? Na je, bei inayolipwa na chama inamtendea haki mwenye maziwa machache mazito, au inamsukuma amwondoe mnyama aliyemfaa?

Maswali hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji kamati iliyo tayari kusikiliza wanachama wa pembezoni mwa kijiji, wale ambao malisho yao ni makorongo na mawe, maana ndio watakaokuwa wa kwanza kulipia uamuzi mbaya. Na yanahitaji katibu ambaye, jioni, baada ya kufunga hesabu za maziwa, huongeza mstari mmoja: tarehe, namba ya jike, namba ya dume.